Uso, Jina na Kibao: Taswira ya Nafsi ya Msanii katika Mitaa ya Kibera na Kawangware

Utangulizi

Katika uhakiki wa sanaa za uchoraji, taswira ya nafsi, yaani picha ambayo mchoraji amejichora mwenyewe, huchukuliwa mara nyingi kuwa suala la mfanano. Mhakiki huuliza iwapo uso uliochorwa unafanana na uso wa mwenyewe, kisha hutafuta ndani yake dalili za majivuno, huzuni au uzee. Makala haya yanafuata njia nyingine. Hoja yake ya msingi ni kwamba kabla ya kuwa mfanano, taswira ya nafsi ni dai la mamlaka. Mtu anayejichora anadai kuwa yeye mwenyewe ndiye mwenye haki ya kusema yeye ni nani, anatoka wapi, na atazamwe kwa jicho gani. Kwa hiyo swali linalobebwa na picha ya namna hiyo ni la kimaadili: nani ana haki juu ya uso wa mtu?

Swali hili lina uzito wa pekee katika mitaa ya Kibera na Kawangware, jijini Nairobi. Ni mitaa michache ya Afrika Mashariki ambayo imechorwa, imepigwa picha na kusimuliwa na watu wa nje kama Kibera. Kwa miaka mingi ilirudiwa katika vitabu, magazeti na ripoti za mashirika kwamba Kibera ina wakazi milioni moja au zaidi. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 170,070. Tofauti hiyo haikutokana na hesabu peke yake. Idadi ya milioni ilikuwa sehemu ya picha iliyohitajika na waliokuwa wakiichora, na haikuwa rahisi kuiacha kwa sababu tu watu wamehesabiwa.

Msanii anayechipuka katika mtaa uliokwisha kuchorwa kiasi hicho hukuta uso wake umetangulia. Mnunuzi, mfadhili na hata mhakiki humjia wakiwa na taswira tayari, nao humtaka aithibitishe. Makala haya yanajadili namna baadhi ya wasanii wa mitaa hiyo walivyolijibu dai hilo, na kuulinganisha mjadala huo na wakati ule, katika Ulaya ya Mwamko, ambapo mchoraji alianza kujiweka mwenyewe katikati ya picha.

Dürer na haki ya kujiandika

Mwaka 1500 Albrecht Dürer, mchoraji wa mji wa Nuremberg, alijichora akiwa na umri wa miaka 28. Picha hiyo, ambayo sasa imo katika jumba la Alte Pinakothek mjini Munich, inamwonyesha akimkabili mtazamaji ana kwa ana, nywele zimemwangukia mabegani, mkono umeinuliwa kifuani. Mkao huo wa mbele kabisa ulikuwa umezoeleka katika picha za Kristo. Kando ya uso yapo maandishi ya Kilatini yanayotaja jina lake, mji wake, umri wake, na kwamba amejichora mwenyewe.

Wasomi wengi wameujadili uso huo. Maandishi hayo yanastahili kuangaliwa kwa makini kama huo uso. Katika nchi za kaskazini ya Alpi wakati ule, mchoraji alihesabiwa miongoni mwa mafundi wa mikono. Kilatini kilikuwa lugha ya wasomi. Fundi anayejiandika kwa lugha ya wasomi, katika mkao uliotengewa mtakatifu, anavuka mipaka miwili kwa mpigo mmoja. Lakini hakuvuka kwa kuukana mji wake: jina la Nuremberg limo ndani ya utambulisho huo huo. Dürer alijiita mtu wa Nuremberg, na neno hilo halikumpunguzia chochote, kwa kuwa aliliandika kwa mkono wake.

Jambo la pili linaukamilisha mfano huu. Dürer alitia katika kazi zake alama ya herufi mbili za jina lake, na alama hiyo ikawa na thamani sokoni kiasi cha kuigwa. Mwaka 1512 baraza la mji wa Nuremberg lilitoa uamuzi kuhusu mgeni mmoja aliyekuwa akiuza picha za chapa zenye alama ya Dürer iliyoghushiwa. Aliamriwa aiondoe alama hiyo, la sivyo bidhaa zake zingetwaliwa. Kilicholindwa hapa ni jina. Baraza lilitambua kwamba picha inaweza kunakiliwa, ila mtu hawezi kuachwa ajibu kwa kazi ambayo hakuifanya. Hivyo nafsi ya msanii, katika mwanzo wake wa kihistoria, iliambatana na uwajibikaji: jina chini ya kazi ni ahadi kwamba yupo mtu wa kuulizwa.

Huenda msomaji akadai kuwa mfano huu ni wa kigeni, na kwamba jamii za Kiafrika, zinazoshikilia kuwa mtu ni watu, hazina nafasi kwa nafsi inayojitangaza. Dai hilo halisimami mbele ya fasihi ya Kiswahili yenyewe. Washairi wa tenzi wana desturi ya kale ya kujitaja katika beti za mwisho: jina, nasaba, mji, na mara nyingine tarehe ya kutunga. Mtunzi hujiita mja dhaifu na papo hapo huhakikisha kwamba jina lake halipotei. Unyenyekevu na dai la umiliki hukaa katika ubeti mmoja bila kugombana. Kwa hiyo kujitaja mbele ya hadhira hakukuletwa na meli. Linalobaki kujadiliwa ni masharti ya kujitaja huko.

Kibao na sahihi

Anayeshuka kutoka matatu ya namba 46 huko Kawangware hukutana na uchoraji kabla ya kukutana na jumba lolote la sanaa. Kuta za maduka, bucha, hoteli na vinyozi zimekuwa kwa miongo mingi mahali pa kazi ya wachoraji wa mabango, ingawa siku hizi mabango yanayochapwa kwa mashine yamewanyang'anya sehemu kubwa ya riziki. Katika vibao vya vinyozi huonekana vichwa vilivyonyolewa kwa mitindo mbalimbali. Vichwa hivyo mara nyingi ni vya watu wa mbali, wanamuziki na wachezaji mashuhuri, au si vya mtu yeyote. Mchoraji wa mabango anaweza kuchora nyuso za wengine maisha yake yote bila kuuchora wa kwake hata mara moja.

Hata hivyo, katika pembe ya chini ya kibao hukaa jina la kazi la mchoraji, na mara nyingi namba ya simu. Wahakiki wamezoea kuipita sahihi hiyo kana kwamba ni tangazo tu. Ni tangazo, lakini ndani yake mna jambo zaidi. Namba ya simu inasema kwamba mwenye kazi anapatikana. Rangi ikibambuka kabla ya wakati wake, au herufi ikiwa imekosewa, mwenye duka anajua pa kulalamikia. Methali isemayo kuwa mcheza kwao hutunzwa husomwa kama sifa kwa mwenyeji. Mchoraji wa mabango anatukumbusha upande wake wa pili, kwamba mcheza kwao pia huulizwa. Sahihi yake ni taswira ya nafsi isiyo na uso, na nafsi hiyo inajulikana kwa kule kuwajibika kwake mbele ya majirani.

Baadhi ya wachoraji mashuhuri wa Kenya walitoka katika kazi hiyo. Joseph Bertiers Mbatia, aliyezaliwa mwaka 1963, alianza kwa kuchora mabango, kisha akajulikana nje ya nchi kwa picha zake za dhihaka zilizojaa umati, ambamo viongozi wa dunia na watu maarufu hukutanishwa katika baa moja yenye vurugu. Ni dhahiri kwamba ukuta wa baa ulimfunza jambo ambalo shule ya sanaa isingemfunza: picha hutazamwa na watu wanaosimama, wanaocheka na wanaobishana. Kutoka kwenye bango hakukuwa kuuacha ukuta; kulikuwa kuuchukua pamoja naye.

Maasai Mbili: ngeli ya nafsi

Mfano ulio wazi zaidi wa mjadala huu uko Kibera. Mwaka 2001 waandishi wawili wa mabango, Otieno Gomba na Otieno Kota, walianzisha kundi la wasanii linaloitwa Maasai Mbili. Inasimuliwa kwamba jina hilo lilitokana na wao kuvaa mashuka ya Kimaasai walipokuwa wakizunguka kutafuta kazi, na watu wakawaita hivyo. Kila msikilizaji wa Kenya anafahamu kuwa Otieno ni jina la Kijaluo. Mzaha uko bayana, na wakazi waliowapa jina hilo walikuwa washiriki wake.

Mzaha huo unastahili kusomwa kwa makini. Katika soko la picha za Kenya, Mmaasai wa shuka nyekundu ndiye uso unaouzwa katika kadi za posta na vinyago vya watalii. Vijana wawili wa Kibera walipojivika uso huo, walivaa taswira ambayo nchi nzima huuziwa wageni, wakatembea nayo mahali ambapo hakuna angeweza kudanganyika. Vazi lililokusudiwa kuthibitisha asili likawa njia ya kuonyesha kwamba asili inaweza kuvaliwa na kuvuliwa.

Pili, lipo suala la lugha. Mwalimu wa Kiswahili sanifu angelisahihisha jina hilo papo hapo: watu huchukua upatanisho wa ngeli ya kwanza, hivyo ingepasa kuwa Wamaasai wawili. Mbili ni upatanisho wa vitu: nyumba mbili, picha mbili, bidhaa mbili. Kiswahili cha mitaa ya Nairobi hakijali sana tofauti hiyo, na si lazima kudhani kwamba waliolitunga jina walikuwa na nia ya kinahau. Lakini jina la pekee likishakubaliwa halisahihishwi, na mhakiki ana haki ya kusoma kilichomo. Upatanisho huo unaiweka nafsi ya msanii katika ngeli ya vitu, mahali pale pale ambapo soko lilikuwa limekwisha kumweka. Tofauti ni kwamba sasa ameingia kwa hiari, kwa kicheko, na akiwa na ufunguo wa kutokea. Lau kundi lingejiita Wamaasai Wawili, lingekuwa limesema uongo mtupu. Kwa kujiita Maasai Mbili linakiri kuwa linazungumzia picha.

Si wao tu waliogeuza jina walilopewa na wengine kuwa dai lao. Mchoraji Sane Wadu alizaliwa mwaka 1954 akiitwa Walter Njuguna Mbugua. Alipoacha ualimu ili awe mchoraji, watu walimdhania amerukwa na akili. Naye akajitwalia neno la Kiingereza lenye maana ya mwenye akili timamu, akalifanya jina lake la kazi. Kila sahihi yake tangu hapo ni jibu kwa waliomhukumu.

Macho juu ya mabati

Mwaka 2009 mpiga picha wa Kifaransa anayejulikana kwa herufi mbili tu, JR, alifunika takriban meta za mraba 2,000 za mapaa ya Kibera kwa picha kubwa za nyuso na macho ya wanawake wakazi wa mtaa huo. Picha zilichapwa katika turubai lisilopenyeza maji, hivyo zikawakinga wenye nyumba dhidi ya mvua. Nyingine zilibandikwa kwenye mabehewa ya treni ipitayo Kibera: macho yalikuwa kwenye behewa, na sehemu ya chini ya uso ilikuwa kwenye mabati yaliyopangwa kwenye mteremko ulio chini ya reli. Treni ilipopita, uso ulikamilika kwa sekunde chache, kisha ukatengana tena.

Ingekuwa dhuluma kuikataa kazi hiyo kwa sababu tu mwenye kamera alitoka mbali. Wanawake walitazamwa kwa heshima, na faida ya paa lisilovuja haidharauliki na yeyote aliyewahi kulala chini ya bati lenye matundu. Hata hivyo, swali la mamlaka linabaki. Macho hayo yalienea duniani, lakini jina lililosafiri nayo ni la mpiga picha. Mtazamaji wa mbali anakumbuka kwamba alitazamwa na Kibera. Ni nadra akumbuke alitazamwa na nani. Uso bila jina hugeuka upesi kuwa uso wa mahali.

Katika karne ya 16 mchoraji wa kike wa Cremona, Sofonisba Anguissola, alilikabili tatizo kama hilo kwa werevu mkubwa. Katika picha iliyoko Siena, ambayo hukadiriwa kuwa ya mwishoni mwa miaka ya 1550, anaonekana mwalimu wake Bernardino Campi akiwa na brashi mkononi, akimchora Sofonisba. Kwa mtazamo wa kwanza mwanamke ndiye anayechorwa. Lakini aliyeichora picha nzima, pamoja na mwalimu na brashi yake, ni huyo huyo mwanamke. Amekubali kuwa kitu kinachotazamwa ndani ya picha, na papo hapo ameonyesha kwamba anayemtazama yuko mkononi mwake. Picha za mapaa ya Kibera zilikosa hatua hiyo moja: hapakuwa na nafasi ya mwanamke wa Kibera kumchora mpiga picha akimpiga picha.

Jina lisilo na ukoo

Suala la utambulisho halikuwahi kuwa la kinadharia huko Kibera. Neno lenyewe lina jamaa wa karibu mfukoni: kitambulisho. Wanubi, wazao wa askari wa Kisudani wa jeshi la King's African Rifles, walikaa Kibera tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1918 eneo hilo lilitangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi. Hati ya pamoja ya ekari 288 waliipata mwaka 2017. Kwa miongo mingi vijana wao walihojiwa na kamati maalumu za uchunguzi kabla ya kupewa kitambulisho, wathibitishe kuwa ni Wakenya. Kwao, kuthibitisha kwamba wao ni wao kulikuwa shughuli ya ofisini, na uamuzi ulikuwa wa mtu mwingine.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, kitambulisho kilipata maana nyingine ya kutisha. Katika ghasia zilizoendelea hadi mapema mwaka 2008 na kuua zaidi ya watu 1,100 nchini, jina la ukoo liliweza kumponza mtu. Kibera ilikuwa miongoni mwa mahali palipoathirika vibaya. Ni katika siku hizo ambapo Solomon Muyundo, msanii wa kundi la Maasai Mbili ajulikanaye kama Solo 7, alizunguka mtaani akiandika ujumbe wa amani kwenye kuta, milango na mabati. Ujumbe mmojawapo, kwa Kiingereza, uliiga tangazo la polisi la kumsaka mhalifu: anayetakiwa ni amani, na anatakiwa akiwa hai. Chini yake ikakaa sahihi yake.

Sahihi hiyo yahitaji kusomwa kando ya kitambulisho. Wakati watu walipokuwa wakilazimishwa kutaja majina ili wajulikane kabila, yeye alijitaja kwa jina ambalo halina kabila: nusu ya jina la ubatizo na tarakimu. Mtu angeweza kusema kwamba huko kulikuwa kujificha. Lakini aliyejificha hatii sahihi, na Kibera haikuwa mahali ambapo mwandishi wa Solo 7 hafahamiki. Majirani walimjua, na yeyote aliyechukizwa na ujumbe aliweza kumfikia. Tena ni desturi ile ile ya kibao cha Kawangware: jina katika pembe ya ukuta likisema kwamba mwenye maneno haya yupo na anaweza kuulizwa. Katika siku ambazo wengi waliotenda walitaka wasijulikane, kutia sahihi kwenye neno la amani kulikuwa tendo la kimaadili lenye gharama.

Ulinganisho na JR hauepukiki. Wote wawili hutumia majina yaliyofupishwa. Wote wawili waliandika juu ya mabati yale yale, mwaka mmoja baada ya mwingine. Mmoja alionyesha nyuso nyingi zisizo na majina, mwingine alionyesha jina moja lisilo na uso. Kwa kigezo cha mfanano, kazi ya kwanza ndiyo yenye nyuso na ya pili si taswira kabisa. Kwa kigezo cha mamlaka na uwajibikaji mambo hugeuka: ukuta wa Solo 7 unakaribiana zaidi na ubao wa Dürer, ingawa hauna hata jicho moja.

Hitimisho

Yatokanayo na mjadala huu ni kwamba maneno “msanii wa Kibera” au “mchoraji wa Kawangware” hayana ubaya ndani yake, kama vile jina la Nuremberg halikuwa na ubaya katika picha ya mwaka 1500. Ubaya huanza pale mkono mwingine unapoliandika jina la mahali kwanza, kisha ukakataa kuandika lolote baada yake. Msanii anayetakiwa achore uchafu wa mitaro kila siku kwa sababu ndio unaonunuliwa, na ambaye akichora ua au ndoto huambiwa kuwa ameusaliti mtaa wake, amenyimwa kile ambacho taswira ya nafsi ilikusudiwa kumpatia.

Upande wa pili nao una sharti. Nafsi inayojitangaza bila kuwa tayari kuulizwa na majirani zake haijatimia. Wachoraji wa mabango, ambao uhakiki umewaweka nje ya historia ya sanaa, wamelishika sharti hili kwa muda mrefu kuliko majumba ya maonyesho, kwa kuwa hawakuwa na njia ya kulikwepa: mteja anaishi ng'ambo ya barabara.

Kwa mhakiki na mwanafunzi wa sanaa, wajibu unaotokana na haya ni wa kila siku. Kazi inayopangwa katika kabati la sanaa ya mitaa ya mabanda kabla ya jina la mwenyewe kusomwa imepitishwa katika kamati ya uchunguzi kama ile iliyowahoji vijana wa Kinubi. Sahihi imo katika pembe ya chini ya kibao, mara nyingi pamoja na namba ya simu. Uhakiki ulio mwadilifu utaanza kusomea hapo, na pale ambapo mwenye jina yu hai na anapatikana, utamuuliza kabla ya kumchora.